Timbo Langu Tangu Nilipotoka Wasini

Mimi ni mkata mawe. Baba yangu alikata mawe upande huu huu wa Msambweni, na baba yake alichoma chokaa. Kuta nyingi unazoziona toka Tiwi hadi Diani, za hoteli, za madrasa, za nyumba ya mjane aliyechangiwa na majirani, zimetokana na jiwe jeupe lililo chini ya miguu yetu, na watu wa kazi yangu ndio waliolitoa. Naanza na hilo ili anayesoma ajue ushuhuda huu unatoka kwa nani. Wapo waliobadilishwa na mawaidha, wapo waliobadilishwa na ugonjwa au msiba. Mimi nimebadilishwa na mawe.

Zamani nililijua jiwe kwa sauti. Ukiligonga likalia, hilo ni zima, litakubali kukatwa inchi tisa kwa tisa bila kupasuka. Likijibu kwa sauti ya kuziba, lina tundu ndani, na tundu ni hasara. Mara nyingi tukilipasua jiwe la namna hiyo tulikuta maumbo: mistari iliyopindapinda, au vishimo vidogo vilivyopangwa mithili ya sega la asali, au kombe zima la chaza limekwama humo ndani. Vijana wa timboni waliyaita maua. Jiwe lenye maua lilikwenda kwenye kifusi, maana mnunuzi hataki ukuta wenye matobo. Hakuna aliyeuliza maua hayo yalitoka wapi, na mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Lori lilikuwa linangoja.

Wasini nilikwenda kwa ajili ya birika. Kisiwa kile hakina mto wala kisima cha maji matamu cha kutegemea, na watu wake tangu enzi za mababu wanakinga mvua na kuihifadhi kwenye mabirika. Mke wangu ana jamaa pale, Wavumba, na birika lao lilikuwa linavuja. Wakasema aitwe mkwe, yeye ni mtu wa mawe. Nikapanda matatu hadi Kanana, tukapita mashamba ya miwa ya Ramisi, kisha bodaboda mpaka Shimoni. Pale Shimoni kuna pango ambalo wenyeji husimulia kuwa watumwa walizuiliwa humo wakingojea majahazi. Nilichungulia nikaona paa lake ni lile lile jiwe letu, mizizi imeshuka ndani yake. Kutoka hapo ni kuvuka tu kwa mashua, safari fupi, na unashukia kwenye kijiji kisicho na gari hata moja.

Aliyenipokea ni shangazi wa mke wangu, mmoja wa akina mama wa kikundi kinachotunza bustani ya matumbawe.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mawe?”

“Ndimi.”

“Basi ukimaliza birika usikimbilie mashua. Mawe yetu hujayaona.”

Nilidhani ananiita kutazama kazi nyingine ya kujenga. Siku lipu ilipokuwa inakauka alinichukua nyuma ya kijiji. Pana njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, inapita katikati ya mikoko na uwanda wa tope na majani manene ya mboga pwani. Alichuma kidogo akanipa nitafune. Ina chumvi ya asili, haihitaji kuungwa kwa chochote. Kisha nikainua macho.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajafika. Mawe yamesimama. Hayakulala wala kurundikana kama mawe ya pwani yalivyo. Yamesimama wima, kila moja mahali pake, mengine yanamzidi mtu kimo, mengine yana shingo nyembamba na kichwa kipana juu yake, na mgongoni yana makali yanayoweza kukata kiatu. Kila mgeni huona sura yake mle. Mimi macho yangu ni ya kazi, kwa hiyo nilitafuta alama ya chuma. Nilizunguka jiwe la kwanza, la pili, nikapapasa, nikainama. Hapakuwa na alama.

“Shangazi, haya yalikatwa na nani?”

“Hayakukatwa. Haya yaliota.”

Nikamwangalia.

“Yaliota baharini, mwanangu, yakiwa hai. Bahari ikaondoka ikayaacha. Tazama hapa.” Akaniwekea kidole kwenye ubavu wa jiwe, na pale chini ya kidole chake palikuwa na mistari iliyopindapinda. Maua yetu. Yale yale tuliyokuwa tukiyatupa kwenye kifusi.

Nilikaa chini kwenye mbao. Nilikuwa nimezaliwa juu ya jiwe lile, nimelikata, nimekula kutokana nalo, na kumbe jina lake la kwanza sikulijua.

Baadaye nilijisomea, na kijana mmoja wa Shimoni anayefanya kazi za bahari alinifafanulia mengi, kwa hiyo nieleze kwa lugha ya timboni. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kuliko zama nyingi, barafu ikayeyuka, na bahari ikasimama mita kadhaa juu kuliko ilivyo leo. Ardhi hii tunayojengea ilikuwa chini ya maji. Matumbawe yakaota juu yake. Tumbawe ni nyumba ya wanyama wadogo sana wanaotoa chokaa katika maji ya bahari na kujijengea nayo, kizazi juu ya kizazi, na wakifa nyumba inabaki. Baridi iliporudi maji yaligeuka barafu huko kaskazini ya mbali na bahari ikateremka. Ilipofika kina cha chini kabisa, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, ilikuwa imeshuka kama mita 120. Wakati huo Wasini hakikuwa kisiwa. Mtu angetoka Shimoni akaenda kwa miguu. Hata Unguja iliungana na bara. Pemba peke yake ilibaki kisiwa, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina kirefu mno.

Mwamba ukabaki juani. Mvua inaponyesha huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na kugeuka tindikali dhaifu, dhaifu kiasi kwamba unaoga nayo na kuinywa, lakini chokaa inaitambua. Iliula mwamba kidogo kidogo, ikapanua nyufa, ikatenga vipande. Bahari iliporudi karibu ikamalizia chini: mawimbi, konokono na viumbe vingine vinavyokwangua mwani vikachonga zile shingo. Mpaka leo maji ya bamvua yanaingia bustanini na mawe yanasimama ndani ya maji. Maji mafu yakija yanasimama kwenye tope. Kazi haijakwisha.

Hapo hapo nikaelewa kwa nini birika lilikuwa linavuja. Mvua ile ile iliyochonga bustani ilikuwa imekula lipu ya chokaa ya wazee, mwaka baada ya mwaka. Nilirudi nikaongeza unene wa lipu pembeni mwa mdomo wa mfereji, mahali maji yanapoangukia.

Kuna hesabu moja iliyoninyima usingizi usiku ule. Tumbawe la mviringo, lile gumu, hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Inchi tisa ni karibu sentimita 23. Jiwe moja likiwa tumbawe tupu ni miaka ishirini na zaidi ya uhai, na mimi nalitoa kabla ya chai ya saa nne. Sisemi kulitoa ni dhambi. Watu lazima wajenge, na jiwe hili ndilo Mungu aliloweka hapa. Nasema tangu usiku ule siwezi kuligonga jiwe bila kujua ninagonga nini.

Kabla sijaondoka shangazi alinipitisha kwenye magofu ya kijiji, penye kaburi la nguzo lililopachikwa vyombo vya kaure ya Uchina. Wavumba walikuwa watu wa biashara na madola, mji wao wa Vumba Kuu ulikuwa kule karibu na mpaka wa Tanzania wa leo, na waliozikwa kwa heshima ile hawakuwa wanyonge. Mimi nilitazama ujenzi. Wajenzi wa zamani wa pwani walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: kwa kuta walitumia jiwe la ardhini, lakini kwa nakshi na mihirabu walitoa tumbawe baharini wakalichonga lingali bichi na laini, nalo likija kukauka hewani linakuwa gumu. Walijua tumbawe ni kitu kilichokuwa hai. Ujuzi huo ulikuwa wetu.

Niliporudi Msambweni nilimweleza binti yangu, ambaye alikuwa sekondari, habari za yale mawe yaliyosimama. Akafungua simu akanionyesha Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho kama kilomita 3,700 kutoka pwani ya nchi hiyo, katikati ya bahari tupu, chenye sanamu za mawe karibu 900. Nilikuwa nimewahi kuziona kwenye kalenda bila kujua ni za wapi. Wageni wanashangaa zilisafirishwaje. Mimi nilichotaka kuona ni timbo. Akalitafuta: linaitwa Rano Raraku, ni ubavu wa volkano, na ndani yake zimebaki sanamu karibu 400, nyingi hazijamalizika. Nyingine zimelala chali bado zimeshikana na mwamba kwa mgongo. Iliyo kubwa kuliko zote, ambayo haikusimamishwa kamwe, ina urefu wa kama mita 21. Walizichonga kwa vyombo vya mawe magumu, bila chuma. Nilitazama picha hizo muda mrefu, kwa maana naijua kazi ile: naijua namna ya kuzunguka jiwe ukiacha kishikio cha mwisho, naijua pumzi unayovuta kabla ya kukikata. Wale ni wenzangu. Lakini nilimwambia binti yangu kuwa zile, pamoja na ukubwa wake, zina umri wa mamia ya miaka tu. Za Wasini ni wazee wa wazee wao, na nauli yake kutoka hapa tunaimudu.

Wiki iliyofuata nilisimama timboni kwetu nikautazama ukuta wa mashariki kwa jicho jipya. Ulikuwa umejaa. Matumbawe mazima yamesimama pale pale yalipoota, kichwa juu, kitako chini, na katikati yake makombe na vipande vya matawi. Lilikuwepo moja lenye mistari, pana kuliko gurudumu la trekta. Nilikuwa nimepita mbele yake toka utotoni. Nikawaambia vijana ukuta ule usiguswe.

Kaka yangu, tuliyerithi naye timbo, hakulipenda neno hilo.

“Utawalisha watoto maua?” aliniuliza.

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na haki ilikuwa upande wake kwa nusu, kwani ukuta ule ulikuwa na mawe mazuri nyuma yake. Tukakubaliana kuhamia upande wa magharibi, penye udongo mzito wa kufukua juu, na gharama ya kufukua niibebe mimi. Niliibeba. Kipato changu kilipungua, na nyumbani tulihisi.

Kisha akaja mtu aliyekuwa akijenga nyumba ya kifahari Diani. Aliliona lile tumbawe kubwa akataka litolewe zima likasimame kwenye bustani yake, kando ya bwawa. Alitaja pesa ambayo ingelipa vijana wote kwa mwezi na kubaki. Kaka alinitazama. Vijana walinitazama. Nami nilikuwa na deni la ada.

Aliyenisaidia kusema hapana ni mwenzetu Mgiriama wa upande wa Kaloleni, fundi wa mashine. Alisema, “Kwetu kigango hakihamishwi.” Na akatueleza, pale pale, mbele ya mnunuzi. Kigango ni ubao uliochongwa kwa mfano wa mtu, unasimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu, na roho yake hutulia hapo. Kijiji kikihama, kigango hakihami. Kinabaki mpaka mchwa na mvua vikirudishe kwenye udongo. Lakini wezi waliving’oa wakaviuza, vikaishia Marekani kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa amesimama na vigango alivyowasimikia ndugu zake wawili. Muda si mrefu vikaibwa. Kimoja kilikuja kuonekana katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois, cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Mzee alikufa hajaviona tena. Vilirudishwa kwa familia mwaka 2007, na picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi.

Mnunuzi alisikiliza kwa adabu, nampa haki yake. Akasema lakini hili ni jiwe tu. Nikamjibu kuwa nimelifahamu, limeota hapa, na hapa ndipo linapoeleza kitu; likienda bwawani kwake litakuwa pambo. Aliondoka. Deni la ada nililipa kwa kuuza mbuzi.

Nisingefanya hivyo kama nisingewaona akina mama wa Wasini. Hilo ndilo lililonigusa kuliko hata sura za yale mawe. Wao wanatoza ada ya kutazama. Mgeni anakuja, anatembea juu ya mbao, anaelezwa, anaondoka, na jiwe lipo. Ada hiyo inasomesha watoto na kusaidia mambo ya afya kijijini. Jiwe langu mimi nilikuwa naliuza mara moja, kisha linabaki shimo. Wanawake wasio na shamba la maana, kwenye kisiwa cha mwamba kisicho na maji, walitazama walichonacho wakakitunza kikawatunza. Na kijana yule wa Shimoni alinionyesha kazi nyingine huko huko: wenyeji wanapanda matumbawe hai baharini, vipande vidogo vinalelewa kwenye kitalu chini ya maji kisha vinahamishiwa mahali palipoharibika. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na mengine yaliharibiwa na nanga, nyavu na baruti. Babu yangu alikuwa akichoma chokaa ya tumbawe la baharini. Mjukuu wake amesimama kwenye maji ya magoti akimshikia mtu kamba wakati tumbawe linapandwa. Najua angefurahi, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kitu kikiota.

Lakini lile shimo lilinisumbua. Sakafu ya timbo lililokwisha ni mwamba mtupu, mweupe, wenye kuunguza, maji ya chumvi yako karibu chini, hata magugu yanakataa. Nikakumbuka Bamburi, ambako niliwahi kupelekwa nikiwa shule ya msingi kutazama viboko na kobe. Pale palikuwa timbo la saruji. Mtu aitwaye René Haller alianza kupapanda miti mwaka 1971, akajaribu ya aina nyingi na mingi ikafa. Mmoja kati ya iliyostahimili ni mvinje. Majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yakawa mkeka mkavu juu ya mwamba, mpaka alipoleta majongoo, wale wakubwa tunaowajua, wakayala na kuyageuza udongo. Juu ya udongo huo miti mingine ikaota, ndege wakaja, na leo watu wanalipa kiingilio kuingia msituni bila kukumbuka kulikuwa na timbo.

Nilifanya vivyo hivyo kwa udogo wangu. Nilivunja mashimo kwenye sakafu kwa mtaimbo, nikajaza udongo ule mwekundu tuliokuwa tumeufukua upande wa magharibi, nikatia samadi ya mbuzi, nikapanda mivinje. Ile ya kwanza ilikauka karibu yote kiangazi kilipokuja. Ya pili niliipanda mvua ilipokolea na mke wangu akainyweshea kwa maji ya kuoshea vyombo. Ikashika. Wanangu waliokota majongoo kwenye shamba la minazi la jirani, ndoo kwa ndoo, na kuwamwaga chini ya miti. Jirani aliuliza kama tumerogwa. Sasa naye ameomba miche.

Walimu wa shule ya karibu huleta watoto kuuona ukuta wa mashariki. Huwa sisemi mengi. Nawaonyesha tumbawe kubwa, nawapa rula, nawaambia wapime kuanzia katikati hadi ukingoni na wahesabu sentimita moja kwa mwaka. Wanapofika kwenye jibu, wengi hugeuka kutazama ukuta wa darasa lao kule ng’ambo ya barabara, ambao ni wa mawe yetu.

Bado nakata mawe. Anayetaka jiwe la kujengea nitamuuzia, na nitalikata sawasawa. Ila lenye maua haliendi kifusini tena. Naliweka kando, na mafundi wawili watatu wa Ukunda wameanza kuyaomba kwa ajili ya baraza na vizingiti, matobo yake yakitazama nje ili yaonekane. Atakayekwenda Wasini avae viatu vya soli nene na ada ailipe kwa kikundi cha akina mama wenyewe. Akiweza, afike maji ya bamvua yanapojaa, kisha angoje yapwe.

Nguzo za kwanza za mivinje tumeziuza msimu uliopita. Kaka ndiye aliyezihesabu na kupokea pesa, na jioni alikuja kuniuliza kona ya kusini, ambayo bado ni mwamba mtupu, ninaipanda lini. Nilimwambia masika yakianza, na kwamba safari hii kuokota majongoo ni zamu ya watoto wake.